Makinda ya Bata Bukini katika Boma la Mama Saida

Siku yangu ya kwanza kazini niliumwa na bata bukini kabla hata sijaonyeshwa pa kuweka mkoba. Nilikuwa nimevaa sketi mpya ambayo habuba, yaani bibi yangu, alinishonea kwa ajili ya siku hiyo, na viatu vya kuazima. Kituo cha kuku kilikuwa nje kidogo ya mji wa Arua, na langoni hapakuwa na mlinzi wa bunduki wala wa rungu. Palikuwa na bata dume, mweupe, mnene, ameinamisha shingo mpaka karibu na ardhi. Alinijia akizomea. Mimi, mjukuu wa askari, niliyelelewa na hadithi za vita, niligeuka nikakimbia. Akanikamata nyuma ya mguu, akang'ang'ania, na sketi ya habuba ikachanika hapo hapo.

Msimamizi wa Kituo alikuwa barazani na kikombe chake cha chai, anacheka bila haya.

"Wewe, simama!" alinipigia kelele. "Geuka, angalia yeye kwa macho! Fungua mikono!"

Niligeuka kwa sababu sikuwa na pa kukimbilia tena. Nikapanua mikono namna mtu anavyozuia mbuzi wasiingie shambani. Bata akasimama, akaguna, kisha akajifanya anatafuta majani.

"Umeona?" Msimamizi akasema. "Hii bata hapana taka kukula wewe. Inataka kujua tu nani iko ya kukimbia. Ukikimbia leo, itakukimbiza mpaka siku ya pensheni."

Sikumpenda mtu yule siku ile. Nilikuja kumpenda baadaye sana, nilipokwisha kujionea mambo. Pensheni nimeipata sasa, na tangu asubuhi ile sijamkimbia bata yeyote.

Nawaandikia ninyi vijana mnaosomea mifugo, na ninyi mnaofuga nyuma ya nyumba, kwa sababu kila mara mtu ananipigia simu, makinda yake yamekufa. "Dakitari, mimi nilifanya yote kama ya kuku." Hapo ndipo ulipokosea, mwanangu. Kinda wa bata bukini si kuku mwenye mdomo mpana. Mlee kama kuku, atakufa mbele ya macho yako huku unamtazama kwa huruma, na huruma peke yake haijawahi kumponya mnyama yeyote niliyemjua.

Cheo changu kilikuwa msaidizi wa mifugo, ngazi ya chini kabisa. Kazi ilikuwa kufagia, kuchanja, kupima chakula, na kutotoa vifaranga. Kituo kilikuwa na mashine ya kutotolea, lakini umeme wa Arua wakati ule ulikuwa mgeni anayekuja anapojisikia. Kwa hiyo mayai ya bata bukini tuliyaweka chini ya kuku waliotaka kuatamia, wale ambao ukiwasogelea wanavimba na kukataa kuondoka kiotani. Yai la bukini ni kubwa mno kwa kuku. Anaweza kulilalia, lakini hana nguvu ya kuligeuza, na yai lisipogeuzwa kinda hugandamana na ganda. Basi tuliligeuza sisi kwa mikono, asubuhi na jioni, tukiweka alama ya mkaa upande mmoja ili tusichanganyikiwe. Bata mwenyewe hurudi kiotani na manyoya mabichi baada ya kuoga. Kuku haogi, kwa hiyo siku za mwisho tulinyunyiza maji ya vuguvugu juu ya mayai ili ganda lisikauke. Msimamizi alinifundisha pia kupima yai kwa mwanga: unaingia stoo yenye giza, unaliweka yai juu ya tochi, unatazama mishipa. Lenye mishipa lina uhai. Lisilo na kitu unalitoa, maana likioza litapasuka na kuharibu mengine.

"Na wakishaanguliwa," alinionya, "usifurahi haraka. Bata mama iko na mafuta kwa manyoya, na hiyo mafuta inapakaza watoto. Kuku hana. Mutoto wa bata akilelewa na kuku, mvua moja inamaliza yeye."

Nilishangaa. Bata anakufaje kwa maji? Lakini ndivyo ilivyo, mpaka aote manyoya yake mwenyewe.

Jambo la mwisho lilikuwa miguu. Makinda yanakua upesi kuliko kuku, na mifupa yao inahitaji vitamini fulani kwa wingi, ambayo imo ndani ya hamira. Wakiikosa, magoti yanavimba, miguu inapinda nje, na kinda anaanza kutambaa kwa kifua. Hamira ya mandazi haikutosha kundi zima. Msimamizi alitumia machicha ya kwete, yale makapi yanayobaki akina mama wakishachuja ile pombe ya mahindi ya kwetu. Gunia lilifika kila juma, linanuka mpaka barabarani. Mimi ni Mwislamu, na habuba alikuwa mkali. Niliyachota machicha kwa koleo lenye mpini mrefu, nimegeuza uso pembeni.

"Shika vizuri," Msimamizi alinitania. "Mpini hapana lewa."

Nikahamishiwa Vurra, mpakani, kwenye njia ya kwenda Aru. Hapo kazi ilikuwa kukagua wanyama waliovuka kutoka Kongo: kuku kwenye vizimba juu ya baiskeli, mbuzi nyuma ya malori, mara nyingine nyani ambaye aliyemleta anaapa ni mtoto wa jirani. Mkuu wa Kituo cha Ukaguzi alikuwa mama mmoja mrefu, mpole wa sauti, asiyecheka na mtu. Wizi ulikuwa mwingi pale, na Mkuu hakutaka mbwa, kwa sababu mbwa alihongwa kwa mfupa. Aliweka bata bukini wawili, dume na jike, nyuma ya ofisi. Nilimsikia mfanyabiashara mmoja Mkongo akimlalamikia: "Mama, hii ndege yako iko mubaya. Inakamata mutu mbele hajasema jambo."

"Basi sema jambo mapema," Mkuu akamjibu.

Wale bata wawili walitaga vizuri. Nawataja kwa sababu mayai yao ndiyo yaliyonifuata Koboko.

Koboko nilikaa miaka mingi kuliko kwingine kokote. Afisa Mifugo wa Wilaya alinipa baiskeli, sanduku la chanjo lenye barafu, na eneo la Lobule. Alikuwa mtu mwadilifu, mwenye kazi kubwa na watu wachache.

"Bata haiko kwa mpango yetu," aliniambia nilipomgusia. "Mimi nataka mbuzi ipone na kuku ipate chanjo ya kideri. Ukimaliza hiyo, jioni yako iko ya kwako."

Kideri ni ule ugonjwa unaofagia kuku wa kijiji kizima kwa siku chache. Nilichanja asubuhi, na jioni zangu nikazitumia nilivyotaka.

Huko Lobule ndiko nilikomkuta Mama Saida. Mumewe alikuwa askari mstaafu, akafariki akamwachia boma, shamba la simsim, yaani ufuta, kuku, bata wa kawaida na mbuzi. Binti yake Saida alikuwa ameolewa mbali. Boma lake lilikuwa la mwisho kijijini, baada yake ni nyasi na njia ya mpakani. Alikuwa mwembamba, mwenye mikono ya kazi, na alizungumza kidogo.

Nilikuwa kwake siku ya kwanza, nimeshika kuku nampa tone la chanjo jichoni, mwanamume alipotokea nyuma ya jiko. Hakupiga hodi. Alipita katikati ya ua, akafunua sufuria, akachungulia, akaifunika. Kisha akahesabu mbuzi kwa kidole. Nilidhani ni mwenye nyumba.

"Huyu Abdalla," Mama Saida aliniambia alipoondoka. "Shemeji yangu, mudogo ya marehemu. Anasema boma iko ya kaka yake, hodi ya nini?"

Kwetu hata mtoto hupiga hodi kwa mama yake mzazi. Mama Saida akanieleza mengine polepole, huku akikusanya kuku. Ijumaa moja mchana, wanaume wote wakiwa msikitini na yeye akiwa kisimani, wezi walikuja na pikipiki ya boda wakachukua mbuzi wawili. Ijumaa nyingine wakarudi. Abdalla akapeleka neno kwa wazee wa ukoo: mjane hawezi kulinda mali, ahamie kwake akae na wake zake, na boma alishike yeye. Wazee walisema watakaa kikao pale pale bomani baada ya mavuno ya simsim.

"Mimi nilikuja hapa msichana," Mama Saida alisema. "Hii ukuta nilikandika na mikono yangu. Nikitoka, natoka kwenda wapi? Kukaa kona ya nyumba ya mutu?"

Halafu akaniuliza, "Dakitari, ile bata kubwa ya kupiga kelele iko bado? Baba yangu alikuwa nayo kambini. Hata afisa alikuwa anaogopa."

Nilimwambia ipo. Nilirudi Vurra siku yangu ya mapumziko, nikamwomba Mkuu mayai, naye akanipa bila maneno mengi. Niliyafunga moja moja kwa pamba na vitambaa ndani ya kapu, nikalipakata kapu kwenye boda mpaka Koboko, nikimfokea dereva kwenye kila shimo. Tuliyapumzisha usiku kucha, ncha chini, kwa sababu yai lililotikiswa halipelekwi moja kwa moja kiotani. Tukawapa kuku wawili waliokuwa wanaatamia. Mama Saida aligeuza mayai mwezi mzima. Sikuwahi kukuta alama ya mkaa upande usiostahili.

Makinda yalipoanguliwa, manjano, yenye sauti ndogo ya kulalamika, alicheka kwa sauti. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumsikia akicheka.

Nilimwachia maelekezo, nikaondoka kwenda kuchanja upande wa pili wa eneo. Nikarudi nikakuta balaa.

Kwanza, alikuwa ameyalaza makinda chini ya banda la mbuzi. Banda la mbuzi kwetu huinuliwa juu ya miti ili kinyesi kidondoke, na chini yake kuna joto. Kwa nia njema kabisa aliyaweka mahali ambapo mkojo wa mbuzi unadondoka juu yao. Pili, aliyachanganya na vifaranga vya kuku kwenye tundu moja. Kinda wa bata anacheza na maji kutwa, kwa hiyo nyasi za tundu zilikuwa topetope, na vifaranga wa kuku walikuwa wanatetemeka. Tatu, mvua ilinyesha akiwa shambani, kuku mlezi akakimbilia jikoni na vifaranga, makinda yakabaki nje kwa raha zao. Mawili yalikuwa yamekufa. Nne, na hili ndilo baya kuliko yote, Abdalla alipita akamshauri anunue chakula cha vifaranga dukani Koboko, kile chenye dawa ya kuzuia kuhara damu. Dawa hiyo ni ya kuku. Bata anakula kwa pupa mara mbili ya kuku, kwa hiyo anajilisha sumu, na chakula chenyewe hakina ile vitamini ya miguu.

Matano yalikuwa hai. Matatu kati yake yalikuwa yanatambaa kwa kifua.

Mama Saida alikuwa ameketi nayo mapajani. "Nimeua hizi," alisema.

"Bado," nikamwambia. "Inuka tufanye kazi."

Tulifanya kazi mpaka mgongo ukaniuma. Chakula cha dukani tulikimwaga shimoni, tukalifukia wasije kuku wakafukua. Makinda tuliyahamishia kona ya jiko, penye ukuta wa joto, juu ya majani makavu, na tukabaki na kuku mlezi mmoja tu. Vifaranga tukawapa kuku wa pili. Nilikata mtungi wa plastiki, nikatoboa tundu la kupitisha kichwa tu, ili makinda yaweze kuzamisha pua na kuisafisha bila kuoga mwili mzima. Bata wa kawaida niliwazungushia uzio wa mabua, maana wanachafua maji ya kila mtu. Kuhusu malisho hakukuwa na ugomvi: mbuzi wanapenda vichaka, bata bukini wanapenda nyasi fupi kama zulia, na Mama Saida alikuwa na nyasi hizo mbele ya nyumba. Mkifuga wanyama wengi kwenye ua mmoja, msianze kwa kuuliza nani anakula nini. Ulizeni nani anamlowesha nani.

Ikabaki miguu. Nilikuwa na pakiti chache za hamira kutoka Koboko, zikaisha upesi. Nikamwambia ukweli: dawa iko nyumba ya pili. Jirani yake, Mama Sesilia, Mkristo, alipika kwete ya kuuza siku ya soko.

Uso wa Mama Saida ukabadilika.

"Pombe haingii boma yangu. Hata makapi. Abdalla akiona hiyo kitu hapa, kikao imekwisha mbele ya kuanza."

Alikuwa sahihi, na nililijua hilo. Mjane wa Kiislamu mwenye machicha ya pombe uani kwake: Abdalla asingehitaji kusema neno la pili. Makinda yalilia. Ndipo Mama Saida akainuka, akaingia jikoni, akatoka na kuku mlezi amembana kwapani.

"Chakula ikikataliwa kuja kwa bata," alisema, "bata itaenda kwa chakula."

Kuku akatetea kwa hasira kwapani mwake. Makinda mawili mazima yakasikia sauti ya mama yao, yakaanza kumfuata Mama Saida mguu kwa mguu. Yale matatu yenye miguu mibaya tuliyaweka kwenye beseni, akalitwika kichwani. Akatembea hivyo hadi mpaka wa boma la Mama Sesilia, akasimama kwenye mstari wa minyaa, ile miti ya utomvu iliyokuwa uzio kati yao.

"Mama Sesilia! Hodi!"

Mama Sesilia alitoka na mwiko mkononi, mnene, mchangamfu, unga umemrukia mpaka kwenye nyusi. Alitazama kuku, makinda na beseni, akashika kiuno. "Leo umeniletea wageni gani?"

"Wagonjwa. Wanataka machicha yako. Mimi nangoja hapa."

"Ngoja tu, mama. Mimi nalisha."

Akampokea kuku juu ya minyaa, makinda yakapita chini, beseni likafuata. Ikawa hivyo kila asubuhi. Machicha kiganja kimoja, yamechanganywa na pumba na mchicha uliokatwa. Makinda yalikula nyumba ya Mkristo, na Mama Saida alikaa upande wake wa minyaa akisokota kamba za mbuzi. Wale waliokuwa na miguu mibaya niliwafunga kitambaa laini kuzuia miguu isifunguke zaidi, na kila jioni Mama Saida aliwasimamisha kwenye beseni la maji ya vuguvugu wapige kasia, kisha akawakausha kwa kanga mmoja mmoja. Hakuruka siku. Kinda mmoja alisimama, akaanguka, akasimama. Kisha wa pili. Wa tatu alibaki na kilema, anatembea akiyumba, lakini alitembea. Siku alipovuka minyaa kwa miguu yake mwenyewe, Mama Sesilia alipiga vigelegele mpaka watu wakadhani kuna harusi. Nililia, na sioni haya kusema.

Abdalla naye hakulala. Habari zilifika msikitini kwamba mjane wa kaka yake anaamkia nyumba ya pombe. Alikuja akasimama katikati ya ua, bila hodi kama kawaida yake.

"Kila siku, Shemeji? Kila asubuhi? Nitasema yote kwa kikao."

"Sema," Mama Saida akamjibu. "Na useme mimi nakaa upande gani ya minyaa."

Nilitaka kumjibu mimi, maneno yalikuwa yameshajaa mdomoni. Mama Saida akanishika mkono. Baadaye aliniambia, "Dakitari, hii vita haiko ya kwako. Wewe tengeneza miguu."

Mvua zikaisha. Makinda yakaota manyoya meupe, sauti zikavunjika zikawa nene, na wakaacha kumfuata kuku, ambaye nadhani alishukuru. Sasa walimfuata Mama Saida. Machicha tukaacha, kwa sababu mifupa ilikuwa imekomaa, wakawa wanakula nyasi na pumba tu. Yule mwenye kilema akawa dume, tena mkali kuliko wote.

Ijumaa moja, simsim ikiwa imesimamishwa juani kukauka, nilikuwa kwa Mama Sesilia nachanja kuku wake. Adhana ilikuwa imeshapigwa, wanaume wamekwenda, Mama Saida yuko kisimani. Ghafla bata wakalipuka. Sijui namna nyingine ya kusema. Watano kwa pamoja, sauti ya kukwaruza isiyo na pumzi katikati. Mama Sesilia alitupa kuku, akachukua mwiko, akaruka minyaa. Sikujua mtu mnene vile anaweza kuruka.

Tulikuta vijana wawili. Mmoja ameshika kamba ya mbuzi, wa pili amekaa kwenye boda iliyowashwa, njiani. Yule wa kamba alikuwa amebanwa ukutani, bata wamemzunguka, na dume wa kuyumba ameuma suruali anaivuta. Mama Sesilia akapiga yowe, wanawake wakatoka kisimani na mitungi yao, Mama Saida mbele yao wote anakimbia. Kijana aliachia kamba, akapita juu ya simsim, akarukia boda, wakatokomea upande wa mpakani. Suruali yake haikuondoka nzima. Mbuzi hakupotea hata mmoja.

Mama Saida alikusanya simsim iliyomwagika, punje kwa punje. "Hawa wameona mimi iko hapa," alisema.

Kikao kilifika. Wazee waliketi kwenye viti mbele ya nyumba, na mkubwa wao, ambaye wote walimwita Baba Mkubwa, kaka wa baba wa marehemu, akakaa kwenye kiti cha uvivu cha marehemu mwenyewe. Mama Saida alikuwa amewapokea mmoja mmoja njiani, na bata, walipoona anatangulia yeye, waliguna tu wakawapisha. Mimi niliketi na wanawake kwenye mkeka. Abdalla peke yake hakuwa amefika.

Alifika kwa njia yake ya siku zote, nyuma ya jiko, kanzu nyeupe, hodi hakuna.

Dume alimwona kabla yetu. Aliinamisha shingo. Nilijua kinachofuata, maana mimi mwenyewe nilishapita hapo na sketi mpya. Abdalla angesimama tu. Angegeuka, angemtazama machoni, mambo yangeisha. Alikimbia. Alikatisha mbele ya wazee wote, kanzu imepandishwa magotini, dume anayumba nyuma yake akiwa na pindo la kanzu mdomoni, na wenzake wanne wanashangilia. Alizunguka mti wa mpapai mara mbili.

"Mama Saida!" alipiga kelele. "Shika hii kitu! Shika!"

Mama Saida aliinuka taratibu. Alikwenda akasimama kati ya mwanamume na bata, akapanua mikono. Dume akaachia kanzu, akaguna, akaenda kutafuta majani.

Hakuna aliyecheka mpaka Baba Mkubwa alipocheka. Kisha wakacheka wote, mzee mmoja mpaka akafuta machozi kwa kofia.

Abdalla alisema yake, na la kwete akalisema. Baba Mkubwa akamgeukia Mama Sesilia, ambaye alikuwa amesimama ng'ambo ya minyaa kwa heshima.

"Mama, nani alikula hii machicha?"

"Bata, mzee. Huyu mama hajawahi kuvuka hapa."

Baba Mkubwa akatafakari, akamtazama Abdalla, akaitazama kanzu iliyochanika. "Ulisema boma hii haiko na mutu ya kulinda," alisema. "Wewe ulitaka kuingia leo, nini ilikushika?"

Abdalla akakunja pindo la kanzu lililochanika.

"Basi boma iko na mwenyewe. Mama Saida anakaa kwake. Leteni chakula, tunakufa na njaa."

Nilifanya kazi Lobule miaka mingi baada ya hapo, nikarudishwa ofisini Koboko, na mwisho nikastaafu. Walinifanyia chakula, Afisa mpya akasoma hotuba, nikapewa blanketi na cherehani. Sasa naishi Arua, kwenye nyumba ya habuba, na nyuma ya nyumba nina kuku, sungura, mbuzi wawili, na bata bukini watatu, wajukuu wa wale wa Lobule. Goti langu la kushoto limechoka, lakini mayai nayageuza mwenyewe. Simu zenu nazipokea. Wengi mnataka dawa, na nikiwaambia mjenge tundu la pili, mtengeneze chombo cha maji, mkae na kinda kwenye beseni kila jioni, mnaniaga upesi. Kazi hii haikuwa na siri. Ilikuwa na jioni nyingi. Nikiulizwa kama ningeichagua tena, najibu ndiyo, hata kuumwa kule langoni ningekuchagua, ila ningevaa sketi ya zamani.

Mwezi uliopita nilipanda gari mpaka Koboko, nikachukua boda hadi Lobule kumsalimu Mama Saida. Amezeeka, nami nimezeeka. Tulikaa kwenye mkeka tunabangua karanga. Bata wamekuwa kundi, wanafika hadi njiani. Mara wakaanza kelele, na katikati ya kelele tukasikia sauti ya mwanamume mzee kutoka nje kabisa, mbali na uzio.

"Hodi! Hodi hapo, Shemeji!"

Nilimtazama Mama Saida. Hakuinuka. Alimaliza karanga zilizokuwa kiganjani mwake, akapeta maganda, akanijazia kikombe.

"Hodi, tafadhali!"

"Kunywa chai, Dakitari," aliniambia. "Anajua kungoja."

Kisha akainuka bila haraka, akajifunga kanga vizuri, akapanua mikono kwa bata wake, akaita: "Karibu, Abdalla. Ingia."